Likizo ya Juni, vitabu vitano vya Kiingereza na hadithi ya sehemu ya 63

"Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili shule ya bweni, na sasa yupo nyumbani Iringa kwa likizo ya Juni. Shule imewapa orodha ya vitabu vitano vya hadithi, vyote vya Kiingereza, na kila kimoja wakiandikie muhtasari. Kitabu cha kwanza amekaa nacho siku sita. Anasoma kwa kufuata maneno na kidole, kamusi pembeni, na kwa saa nzima anamaliza kurasa mbili. Juzi alilia. Lakini Jumamosi, saa saba usiku, nilimkuta chini ya blanketi na simu yangu anasoma hadithi ya Kiswahili, yuko sehemu ya 63! Nimemnyang'anya simu. Baba yake anataka aende tuisheni asubuhi mpaka jioni kwa sababu Novemba wana mtihani wa upimaji. Jirani ananiambia nipige marufuku Kiswahili ndani ya nyumba mpaka shule zifunguliwe. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Zimebaki wiki tatu. Nifanye nini, au nimeshachelewa?"

Marahaba mama, na kamwene. Barua yako nimeisoma mara mbili. Naona unabeba hofu mbili kwa wakati mmoja: kwamba binti ni mvivu wa kusoma, na kwamba Kiswahili kinamharibia Kiingereza. Nimefundisha lugha sekondari kwa miaka 22, na miaka ya karibuni ninasimamia maktaba ya shule, kwa hiyo hofu hizi nimeletewa na wazazi wengi, hasa shule zinapofungwa. Ya kwanza haina msingi, na ushahidi umeuandika kwa mkono wako. Ya pili inaeleweka ilikotoka, lakini nayo nitakuomba uiweke chini.

Tuanze na hiyo sehemu ya 63. Tukikadiria kila sehemu ina maneno 600 tu, binti yako amesoma karibu maneno 38,000 ya hadithi moja. Hicho ni kitabu kizima. Ili afike huko amelazimika kukumbuka majina ya wahusika wengi, kujua nani alimsaliti nani huko nyuma, kubahatisha kinachokuja, kuvumilia kungoja. Hayo ndiyo mwalimu wa fasihi anayoyatafuta kwa mwanafunzi, na mengi huyapati kwa kuyafundisha ubaoni. Mvivu wa kusoma hakeshi chini ya blanketi akisoma. Una msomaji ndani ya nyumba, mama. Amekwama mahali pamoja, na hapo alipokwama panaelezeka.

Chukua ukurasa wa kawaida wa riwaya, wenye maneno kama 280. Mwaka 2000 watafiti wawili, Marcella Hu na Paul Nation, waliwapa watu wanaojifunza Kiingereza hadithi ileile, ila kila kundi likapata nakala ambayo baadhi ya maneno yamebadilishwa na maneno ya kubuni, ili ijulikane kila msomaji anayajua mangapi kati ya 100. Waliojua maneno 80 kati ya 100, hakuna hata mmoja aliyeielewa hadithi vya kutosha. Waliojua 90 au 95, walielewa wachache tu. Kwa hesabu zao, wasomaji wengi huanza kusoma kwa raha, bila msaada wa mtu, wakifikia karibu 98. Sasa rudisha hesabu hiyo kwenye ukurasa ule wa maneno 280: 98 kwa 100 maana yake ni maneno mageni matano au sita kwa ukurasa. Hayo akili inayaruka na kuyakisia kutokana na habari iliyoyazunguka. Yakifika 28, yaani neno moja katika kila kumi, hadithi imeshakufa. Kilichobaki mbele ya mtoto ni orodha ya msamiati iliyopangwa kwa mistari, na hakuna anayefurahia kusoma orodha kwa siku sita mfululizo. Nadhani ndipo alipo binti yako na kitabu hicho cha kwanza.

Unaweza kulipima hili jioni ya leo, bila kujua Kiingereza. Mwambie afungue ukurasa wowote wa katikati, asome kimyakimya, na kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ukurasa haujafika chini, hicho ni kitabu cha kusoma akiwa na mwalimu. Vikibaki, anaweza kukisoma peke yake. Fanyeni hivyo kwa vitabu vyote vitano kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Hicho kidole kinachofuata maneno nacho kina sababu. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyeshika ba be bi bo bu darasa la kwanza anaweza kusoma gazeti kwa sauti hata kama habari yenyewe haielewi. Kiingereza hakimtendei hivyo. Maneno though, through na tough yanaishia kwa herufi nne zilezile na kila moja linatamkwa kivyake. Mwanafunzi wetu anakutana nayo akitumia silabi za Kiswahili, sauti anayoisikia kichwani hailingani na ile aliyoisikia kwa mwalimu, kwa hiyo neno analolijua kwa sikio halitambui kwa jicho. Kidole kinamshikia mahali wakati anapigana. Usimkataze. Siku atakapokuwa amekutana na neno hilo mara ishirini, kidole kitaondoka chenyewe.

Lipo na jingine ambalo vitabu vingi vya kufundishia havilitaji, nami limenichukua miaka kuliona. Sisi tunasema "hatukumwona", neno moja, na ndani yake mna aliyetenda, ukanushi, wakati, aliyetendwa na tendo lenyewe. Kiingereza kinayamwaga hayo yote katika vineno vitano vidogo vidogo. Mwanafunzi aliyezoea kubeba maana nzima ndani ya neno moja kubwa, akifungua kitabu cha Kiingereza hutafuta maneno makubwa kwenye kamusi na kuviruka vidogo, akidhani havina kitu. Kumbe ndivyo vilivyobeba habari. Kuna msichana wa kidato cha pili niliyemfundisha alikutana na sentensi inayosema mwanamke "put off the journey", yaani aliahirisha safari. Kamusi ikampa "weka" na "zima". Akaandika kwamba mwanamke aliiweka safari na kuizima. Alikuwa amefanya kazi yote aliyoambiwa afanye, neno kwa neno, na jasho likamtoka. Vineno hivyo havijifunzwi kwa kamusi. Vinaingia kwa kukutana navyo mara nyingi mno, ndani ya sentensi rahisi, katika hadithi ambayo mtoto anataka kujua mwisho wake.

Ndiyo sababu naamini, na hapa nasema kwa uzito wote nilio nao, kwamba binti yako anahitaji vitabu vyepesi vingi kuliko vitabu vigumu vichache. Si maoni yangu peke yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza, rahisi na za kuvutia, katika madarasa ya shule za vijijini nchini Fiji, ambako watoto, kama wetu, Kiingereza walikikuta shuleni. Baada ya mwaka mmoja watoto hao walikuwa wamepiga hatua katika kusoma karibu mara mbili ya wenzao waliobaki na masomo ya kawaida. Hao walikuwa wa shule ya msingi, wadogo kuliko binti yako, nami sitaki kukuahidi kwamba wiki tatu zitafanya kilichofanywa na mwaka mzima. Lakini njia ni ileile. Hata hapa kwetu, baada ya Criper na Dodd kuonyesha mwaka 1984 kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikuwatosha kujifunzia masomo mengine, mradi uliofuata, kwa msaada wa Uingereza, uliweka mkazo katika vitabu vyepesi vya kusoma kwa wingi. Inaniuma kwamba katika shule moja niliyowahi kufundisha vitabu vya namna hiyo nilivikuta kabatini vimefungiwa, vipya kabisa, kwa kuogopa wanafunzi watavichafua.

Kuhusu likizo yenyewe. Huenda umesikia watu wakisema mtoto asiposoma likizo anasahau kila kitu. Maneno hayo mengi yametoka Marekani, ambako wanafunzi hufunga shule majira ya joto kwa wiki kama kumi. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti 39 na kuona kwamba kwa wastani mwanafunzi hurudi akiwa nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo. Mwaka 2019 Paul von Hippel aliyarudia baadhi ya mahesabu ya zamani na kuonyesha kwamba ukubwa wa upotevu huo unategemea sana aina ya mtihani uliotumika. Kwa hiyo usikubali mtu akutishe kwa takwimu za huko. Watafiti wa Baltimore, mji wa hukohuko Marekani, waliowafuatilia wanafunzi tangu 1982 walitumia mfano ninaoupenda zaidi, wa bomba: shule ikiwa wazi, bomba linatoka maji kwa watoto wote, shule ikifungwa, maji yanaendelea kwa wale tu wenye kisima nyumbani. Kwa mtoto wa Iringa mfano huu una uzito wake, kwani Kiswahili chake hakikauki likizo. Kiko sokoni, kanisani, redioni, jikoni. Kiingereza chake kina bomba moja tu, na bomba hilo limefungwa mpaka Julai. Kitu cha kumpa ni ndoo ya Kiingereza kila siku, hata iwe ndogo, na aweze kuibeba.

Jirani yako ameliona tatizo hilo, ila dawa aliyokupa itakuumiza. Ukipiga marufuku Kiswahili nyumbani kwako, mama, umepiga marufuku mazungumzo kati yako na binti yako kwa wiki tatu ambazo mmepewa kuwa pamoja. Atanyamaza. Nimewaona watoto waliovalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Wengi walichojifunza ni kukaa kimya. Tangu 1979 Jim Cummins wa Kanada amekuwa akieleza kwamba lugha mbili za mtoto zinakaa juu ya mzizi mmoja. Uwezo wa kufuata kisa kirefu, kukisia maana, kuona kwamba mhusika anadanganya, ukiujenga kwa lugha moja unautumia katika nyingine. Maneno yenyewe hayahami, na tahajia haihami. Hizo sehemu 63 hazitamfundisha Kiingereza, lakini zimemjengea nguvu ya kusoma ambayo Kiingereza chake kitaihitaji.

Baba yake naye ana hoja, na ningependa asikilizwe. Mtihani wa upimaji wa Novemba ni wa kweli. Kama ripoti ya nusu muhula inaonyesha yuko chini kwenye hisabati au fizikia, tuisheni ya masomo hayo, saa mbili kwa siku, siku tatu kwa wiki, ni fedha iliyotumika vizuri. Tuisheni ya asubuhi mpaka jioni siiungi mkono. Mara nyingi huwa ni kukokotoa mitihani ya nyuma na kugawana madesa, na mtoto anarudi shuleni amechoka kuliko alivyoondoka. Tena Juni kwenu ni wakati wa kuvuna mahindi, najua hatakaa bure mchana kutwa. Na tuisheni ya Kiingereza, hata ya mwalimu mzuri, itampa kanuni za sarufi, ambazo zina kazi yake, bila kumpa wingi wa kusoma. Mwalimu hawezi kumsomea.

Sasa hivyo vitabu vitano. Mkishavipima kwa vidole, pengine viwili vitakuwa ndani ya uwezo wake au karibu. Aanze na hivyo, hata kama mwalimu ameviweka mwisho wa orodha. Kamusi aiweke mbali, kwenye kabati. Anaposoma apige mstari kwa penseli chini ya neno gumu na aendelee. Akimaliza ukurasa achague matatu tu, yale yanayomzuia kuelewa, ayatafute. Mengine ayaache. Hili litamtia hofu mwanzoni, kwani amefundishwa kwamba kuruka neno ni uzembe. Mwambie mimi, mwalimu wa Kiingereza asiyemjua, nimemruhusu. Vile vigumu kabisa asivikimbie, ila asianze kwa kuvisoma peke yake. Atafute kwanza, kwa rafiki aliyekisoma au kwa dada wa kidato cha nne hapo mtaani, hadithi inahusu nini, asimuliwe kwa Kiswahili, ndipo afungue ukurasa wa kwanza. Kujua mapema kisa kinaelekea wapi kunapunguza mzigo sana, na wala si udanganyifu.

Muhtasari auandike kitabu kikiwa kimefungwa. Na hapa ndipo unapoingia wewe, mama. Jioni mkiwa mnaota moto jikoni, akusimulie alichokisoma kwa Kiswahili. Muulize kama unavyomuuliza mtu aliyetoka msibani au harusini: nani alikuwepo, ikawaje, huyo mwanamume alifanya hivyo kwa nini, wewe ungefanyaje. Akijichanganya, atarudi mwenyewe kitabuni kutazama. Baada ya hapo ndipo achukue daftari na kuandika kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, kile alichokwisha kukisema. Darasa la saba lako linatosha kabisa kwa kazi hii. Nimeona wazazi wenye shahada wakishindwa kuifanya kwa sababu hawana subira ya kusikiliza.

Atashawishika kunakili muhtasari wa mtandaoni au kuiagiza programu ya simu imwandikie. Ukimlazimisha kumaliza vitano kwa wiki tatu, utakuwa umemsukumia huko. Ni afadhali arudi na vitatu alivyovisoma kweli, na barua fupi kutoka kwako kwa mwalimu wake ikisema viwili amesoma sura kadhaa na ameshindwa wapi. Wapo walimu watakaokasirika. Wengi, mimi nikiwemo, tutamshukuru mzazi huyo, maana tumechoka kusahihisha muhtasari mmoja ulioandikwa kwa miandiko 40.

Nje ya orodha ya shule, mpeleke mjini kwenye maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Aombe vitabu vya Kiingereza vilivyorahisishwa, vile vyenye ngazi zilizoandikwa kwenye jalada, au hadithi za watoto wa darasa la tano na la sita. Ataona aibu. Msichana wa miaka 15 hataki kuonekana na kitabu chenye picha ya sungura. Kama ana mdogo wake, mwambie amchukulie mdogo, na amsomee kwa sauti huku akimtafsiria. Atasoma kitabu hicho mara tatu bila kuona aibu, na mdogo atafaidika. Nimelitumia hili kwa wanafunzi wangu wa bweni kila likizo, na wengi hurudi wakiniomba vingine.

Kiswahili chake nacho kikuzwe. Hadithi za simu zinavuta, lakini nyingi zimeandikwa haraka, mazungumzo matupu na makosa ya tahajia. Mtoto anayependa mafumbo na usaliti atampenda Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya 1960. Kiswahili chake cha Unguja kitamfundisha kiasi. Na akifika kidato cha tatu, mkiweza kuipata, kuna Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe ya 1958. Akianza na ya Kiswahili kisha akaichukua ile ya Kiingereza, atashangaa jinsi kurasa zinavyofunguka.

Simu mrudishie, kwa masharti. Saa moja kwa siku, mchana au jioni, na ikifika saa tatu usiku ilale chumbani kwako. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa nane mpaka kumi, na anayesoma kwa mwanga wa simu mpaka saa saba hatakumbuka kitu asubuhi. Zisome sehemu mbili tatu za hiyo hadithi wewe mwenyewe. Baadhi ya hadithi hizi ni za watu wazima, na ni bora ujue kabla ya kugomba. Ukikuta haimfai, mwambie wazi kwa nini, mtafute nyingine. Pia mwonye kuhusu fedha: waandishi wengi hutoa sehemu za mwanzo bure na kuuza zilizobaki, naye asitume hata shilingi bila wewe kujua. Kununua kazi ya mwandishi si kosa, ila mkainunue pamoja.

Kuna jambo moja ambalo barua yako haikunieleza, na nakuomba ulichunguze kabla ya wiki hii kwisha. Mpe ukurasa wa Kiswahili uliochapwa kwenye karatasi, asome kwa sauti, kisha ukurasa wa Kiingereza. Kama Kiswahili kinatiririka na Kiingereza kinakwama, yote niliyosema hapo juu yanamhusu. Kama anakwama kote, au anasoma vizuri kwenye simu anakoweza kukuza maandishi na kushindwa kwenye kitabu, mpeleke kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa. Muulize pia kama anauona ubao, kama kichwa kinamuuma akisoma, kama huwa ananakili kwa jirani yake darasani. Uono hafifu wa mbali mara nyingi hujitokeza katika umri wa kwenda shule, na mtoto mwenyewe hajui, kwa kuwa anadhani kila mtu anaona hivyo. Nimewahi kumsema vibaya mvulana mmoja kwa uzembe mwaka mzima, kumbe alihitaji miwani. Sijalisahau hilo.

Kama macho ni mazima na bado hata Kiswahili anakisoma kwa shida, anabadilisha herufi, anaandika neno lilelile kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, na imekuwa hivyo tangu shule ya msingi, huenda ana disleksia. Si upungufu wa akili. Ubongo wake unashughulikia maandishi kwa njia nyingine na anahitaji mafunzo maalumu. Nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu, uchukue na madaftari yake ya nyuma. Na kama zamani alikuwa akisoma vizuri, kisha mwaka huu akaacha ghafla, analia ovyo, hataki kurudi bweni, basi hapo kitabu si tatizo. Zungumza naye polepole mkiwa wawili, kisha na matroni au mwalimu wa ushauri wa shule, kabla hajapanda basi kurudi.

Uliniuliza kama umechelewa. Kwa mwendo wake wa sasa, kurasa mbili kwa saa, anapata maneno 560 tu kwa saa. Katika kitabu chepesi hata msomaji wa polepole hufikisha maneno 80 kwa dakika. Nusu saa kila jioni ni maneno 2,400, na kwa jioni 20 zilizobaki ni 48,000, zaidi ya yale aliyoyasoma kwenye hadithi ya simu. Hivyo ni vijitabu vinne au vitano vilivyorahisishwa, pamoja na vile viwili vya shule vilivyo ndani ya uwezo wake. Anza na kipimo cha vidole leo jioni. Na kabla ya kufungua kitabu chochote, muulize sehemu ya 63 iliishia wapi.